Uvimbe wa neva ndani ya taya: nilivyoufuatilia hadi ukatolewa

Uvimbe uliotolewa kwenye taya langu la chini unaitwa shwanoma. Huota kutoka kwenye seli zinazoifunika neva, zile zilizopewa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza katika karne ya 19, na si saratani. Mara nyingi huota kwenye nyama laini. Kuota ndani ya mfupa ni jambo la nadra sana, na ukiota huko, taya la chini ndilo hukumbwa zaidi, kwa kuwa neva yake hupita mwendo mrefu ndani ya mfereji wa mfupa kabla ya kutokeza kidevuni.

Mimi nashona nguo hapa Ujiji, na sisi mafundi hushika pini kwa midomo mikono ikiwa na kazi. Mdomo wangu wa chini ulianza kufa ganzi upande wa kushoto, pini zikawa zinadondoka juu ya kitambaa bila mimi kuhisi. Shangazi alihofia kiharusi, lakini mdomo haukupinda, na niliweza kucheka na kutamka maneno yote. Baadaye nilielezwa kwamba neva inayoupa mdomo hisia si ile inayouchezesha.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda ilitaka kuning'oa gego, ingawa haliumi. Nilisema, “Daktari, shida yangu ni ganzi, si maumivu; naomba tupige picha kwanza.” Eksirei ilionyesha kivuli cheusi chenye kingo safi, kilichoutanua mfereji wa neva chini ya gego lile.

Kivuli cha namna hiyo kinaweza kuwa mambo mengi, na hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie. Ameloblastoma, uvimbe unaoonekana sana katika mataya ya watu wetu, unaweza kufanana nacho kwenye picha, ilhali matibabu yake mara nyingi ni kukata sehemu ya mfupa wenyewe. Ndiyo maana, nilipofika Muhimbili kwa barua ya rufaa, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso alikata kwanza kipande kidogo kikapelekwa maabara. Alinikagua pia ngozi, akitafuta madoa ya kahawia, akauliza kama kuna ndugu mwenye vinundu mwilini, kwa sababu kuna uvimbe mwingine wa neva, nyurofibroma, ambao wakati mwingine huambatana na ugonjwa wa kurithi. Siku za kungojea jibu zilikuwa nzito kuliko upasuaji.

Jibu lilipotoka, alinichorea kwenye karatasi. “Mama, huu una ganda lake, na neva imesukumwa pembeni. Tutaumenya, tujitahidi kuiacha neva.” Nilipigwa nusu kaputi, ukatolewa mzima, na taya likabaki bila kukatwa.

Ganzi iliongezeka baada ya upasuaji, kama nilivyotahadharishwa, na kuishi nayo kulihitaji utaratibu. Uji niliupima kwa mdomo wa juu kabla ya kunywa. Nilitafuna upande wa kulia, nikawa nakula mbele ya kioo, maana nilikuwa nikijing'ata hadi damu bila kujua. Migebuka niliichambua kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, ndipo nikaitia mdomoni. Pini nilizihamishia kwenye kijimto nilichojifungia mkononi, na hata sasa sizirudishi mdomoni.

Neva hupona polepole mno, takriban milimita 1 kwa siku inapoendelea vizuri. Kwangu ulianza mchonyoto kidevuni, kisha nikaanza kuhisi ubaridi wa maji. Pembe ya mdomo bado ina ganzi kidogo, na daktari alisema huenda ikabaki hivyo. Uvimbe huu ukitolewa wote ni nadra kurudi, lakini bado napigwa picha za ufuatiliaji, na kila ninapokwenda hubeba picha ya kwanza pamoja na jibu la maabara, ili daktari atakayenipokea awe na cha kulinganisha.