Siku moja maishani mwangu: darasa linalojaa na kupwa

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kutia udhu natazama mwezi. Leo ni mwezi kumi na sita, bamvua kamili, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, kwa hiyo maji yatakauka kwenye saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 na nusu jioni. Ratiba ya darasa langu ndiyo hiyo, na hakuna mkuu wa skuli wa kuibadilisha. Nafundisha watoto kuogelea baharini, hapa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Kesho kila kitu kitasogea mbele karibu dakika 50. Wazazi ambao hawajanizoea hudhani sina msimamo.

Saa 3 asubuhi. Ni Jumamosi. Watoto wako chuoni wanasoma Kurani, mama zao wameshuka kwenye mwani, nami natembea ndani ya darasa langu likiwa kavu. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Hapa ninapokanyaga mchanga sasa, jioni mtoto hagusi chini. Nimevaa viatu vya plastiki, ndoo mkononi. Nimeokota shingo ya chupa, nikang'oa vigingi viwili vya shamba la mwani lililoachwa, na kando ya shimo jipya lenye ukubwa wa beseni nimechomeka fito yenye kitambaa chekundu. Mtoto anayejifunza akikosa chini ghafla, basi, kazi ya mwezi mzima imekwenda.

Mama wa mmoja wa wanafunzi wangu amejikunja anafunga mwani kwa taitai, vile vikamba vya kufungia.

"Shikamoo, bibie."

"Marahaba, mwalimu. Hebu niambie, huyu wangu ataogelea lini? Mwezi wa pili huu analala chali tu."

"Akilala chali bila kuogopa, nusu ya kazi kaimaliza."

Kacheka, lakini naona hakukubali. Yeye mwenyewe hajui kuogelea, na hayuko peke yake. Mwani wa biashara ulianza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, ukawa kazi ya wanawake, kazi ya maji ya magotini. Siku hizi maji ya pwani yanapata moto na kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, unakufa. Unataka maji yenye kina. Asiyejua kuogelea anabaki na spinosamu, mwani mwingine ambao kilo yake haina maana. Kwa hiyo watu wakiniambia kuogelea ni mchezo wa watoto wa hotelini, mimi huwaza ile kilo ya kotonii.

Mchana: muhogo wa nazi, sala, usingizi wa dakika kumi.

Saa 8. Nakagua madumu. Ni ya lita 5, yalikuwa ya mafuta ya kula, sasa ndiyo maboya yetu. Nakaza vifuniko kimoja kimoja. Au ndivyo nilivyodhani.

Saa 8 na nusu. Maji yamefika kiunoni kwa mtoto, zamu ya Dagaa. Makundi yangu ni matatu, Dagaa, Changu na Kasa, na bahari yenyewe inanipangia: wadogo huingia maji yakiwa machache, wazoefu yakishajaa. Tuko walimu wawili. Mimi naingia majini. Mwenzangu anabaki mchangani na filimbi, haingii kamwe, kazi yake kuhesabu vichwa.

Dagaa hupuliza mapovu, hutia uso, kisha hulala chali. Huyo binti wa yule mama, umri miaka minane, tatizo lake ni masikio. Maji yakigusa tu sikio anainuka kama aliyeitwa. Leo nimemshika kisogo kwa kiganja, nikamwambia anihesabie ngalawa anazozisikia. Kaniambia hasikii ngalawa, anasikia "kama mchele unamwagwa". Nikaondoa kidole gumba, kisha kimoja, kisha kingine, mpaka kikabaki cha kati peke yake. Shingo ililegea. Hicho cha mwisho sikukiondoa. Kesho.

Saa 9 na nusu. Changu, na hawa ndio wanaoninyima usingizi. Dagaa anaogopa, Kasa anajua. Changu anajua nusu na anaamini ni yote. Wengi ni watoto wa wavuvi, wanapiga maji kwa nguvu, kichwa juu kama paka, na baada ya mita kumi pumzi imekwisha. Kwa hiyo siwapimi kwa umbali. Natazama anapumuaje akisimama.

Leo mmoja alikuwa anapiga miguu huku kakumbatia dumu, mara nikaona anazama polepole, dumu naye. Kifuniko kililegea, maji yameingia, na kadiri lilivyojaa ndivyo alivyozidi kulikumbatia. Macho yamemtoka. Nilimfikia kwa hatua nne. "Simama," nikamwambia. Kasimama. Maji yalikuwa ya kifuani. Wenzake walicheka mpaka wakanywa chumvi. Mimi sikucheka, kwa sababu kifuniko kile ni cha kwangu.

Saa 10 na nusu. Maji tele, Kasa sita. Wanaogelea na suruali ndefu na mitandio yao, maana mtu haanguki baharini akiwa amejiandaa. Leo ni kuokoa: dumu lenye kamba, unalitupa nyuma ya mwenzako, unavuta. Kumrukia anayezama ni marufuku, hata akiwa mdogo wako. Mmoja kaniuliza, "Na kama kamba haipo?" Nikamwambia mtandio. Akauvua, akaurusha, ukafika.

Saa 11 kasorobo. Maji yamegeuka. Yakianza kutoka, mkondo huelekea mlangoni mwa mwamba, kwa hiyo filimbi, nje wote. Sita. Tunahesabu tena, sita.

Usiku. Kesho maji yatajaa saa 11 na ushei, Magharibi ikikaribia, Kasa hawatapata zamu na watanilalamikia. Dumu lile nimelikata juu, mama mkwe atachotea maji ya kuku.