Goti la Njugu

Njugu alikuwa mbwa wa mama mkubwa, kule Sakina, Arusha. Pomeranian asiyefika kilo nne, ila kwa kubweka utadhani analinda ghala la mahindi. Mbio zake zilikuwa za aina yake: anakwenda vizuri, ghafla anakunja mguu wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu, anaunyoosha nyuma, safari inaendelea. Watoto wa jirani walisema anacheza singeli.

Asubuhi moja mama mkubwa akanipigia. "Mwanangu, njoo na gari. Njugu leo hataki hata kupanda barazani."

Daktari wa mifugo alimlaza ubavu, akaisukuma pia ya goti kwa kidole gumba mpaka ikarudi mahali pake. Alipoiachia tu, ikachomoka tena upande wa ndani. "Weka kidole hapa," akaniambia, akaukunja na kuunyoosha mguu taratibu. Kulikuwa na mkwaruzo mle ndani, kama mchanga kwenye bawaba. Njugu alinitazama kwa chuki.

Tatizo hili la pia ya goti kuchomoka lina madaraja manne ya ukali, akasema, na hili lilikuwa la tatu. Mfereji wa mfupa wa paja, ambamo pia ya goti huteleza, ulikuwa wa kina kifupi mno. Ndiyo maana pia hiyo ya goti ilikuwa ikitoka na kurudi, na kila ikipita ukingoni inakwangua gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ambalo likishalika halioti upya.

"Sasa daktari, si utupe dawa ya kuchua?"

"Mama, dawa itatuliza maumivu. Mfereji haitauchimba."

Akapasuliwa wiki hiyohiyo. Waliuongeza kina mfereji, wakakata kipande cha mfupa wa muundi panaposhikilia kano ya pia, wakakisogeza nje kidogo na kukifunga kwa pini. Baadaye daktari alituonyesha picha kwenye simu. Gegedu, ambalo hupaswa kuwa jeupe na la kung'aa, upande mmoja lilikuwa limelika hadi mfupa unaonekana. Hapo ndipo nilipowachukia wanaozalisha mbwa hawa kwa kutazama sura tu, wakati ubovu huu wa goti hurithiwa.

Alitembea tena kwa miguu yote, ingawa baridi ya Julai ilimkaza, na mabaki ya ugali yakapigwa marufuku asije akanenepa. Mwaka uliofuata aliyetuuzia Njugu alipiga simu: ana watoto wapya, bei ya kuelewana.

Mama mkubwa akamuuliza, "Magoti ya mama yao yakoje?"

Simu ikakatika.