Kuchezea nywele kutwa nzima: zinaumia wapi?

Kugusa nywele mara moja moja si neno. Shida ni kidole kilekile kuzungusha shungi lilelile kila ukishika kitabu au simu.

Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, kwa hiyo ukiumia haujitibu. Nje umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama vigae. Kuusokota huyainua, kisha unakwaruzana na wenzake na kufunga fundo. Nywele za kipilipili ndizo huumia zaidi, maana kila kona ya msokoto tayari ni sehemu dhaifu. Zikiwa mbichi ndiyo balaa: huvutika kirahisi, halafu hukatika.

Okota unywele ulioanguka uutazame kwenye mwanga. Wenye kitone cheupe mwishoni umetoka na mzizi wake. Kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kipande kifupi kisicho na kitone kimekatika, na hapo vidole ni vya kushukiwa.

Suka mabutu au funga kilemba saa zile mkono unapopenda kupanda. Hamu ikija, kunja ngumi dakika 1, au shika tasbihi. Fundo usilivute: litie tone la mafuta ya nazi, ulifungue kwa pini, likigoma, kata juu yake kwa mkasi mkali.

Ukiwa unazing'oa hadi upara unaonekana, hilo ni tatizo la kitabibu na linatibika. Muone daktari wa ngozi au mwanasaikolojia. Mtoto anayemeza nywele apelekwe hospitali mapema, kwani hazisagiki tumboni, hujikusanya zikawa donge.