Kwa Njia ya U6: Kutoka Friedrichstraße hadi Maji-Maji-Allee

Mgeni anayefika Berlin anaweza kuuzunguka mji wote bila gari, na tena bila kuhangaika, kwa sababu vyombo vya usafiri wa umma vya mji huo vinatumia tiketi moja. Treni za mjini ziitwazo S-Bahn, treni za chini ya ardhi ziitwazo U-Bahn, tramu, mabasi na hata vivuko vya kwenye maziwa na mito vimewekwa chini ya utaratibu mmoja wa nauli, na mji umegawanywa katika kanda tatu. Kanda A ni sehemu ya katikati iliyozungukwa na reli ya duara, kanda B inafika kwenye mipaka ya mji, na kanda C inachukua vitongoji vya nje pamoja na uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2020. Kwa hiyo anayetua kwa ndege hununua tiketi ya ABC, na akishaingia mjini tiketi ya AB humtosha kwa karibu kila aendako.

Stesheni ya uwanja wa ndege iko chini ya jengo la abiria lenyewe. Nilishuka kwa lifti na mzigo wangu, nikapanda treni ya S9, yenye rangi nyekundu na ya manjano iliyokoza kama mabehewa mengi ya S-Bahn. Mwanzoni inapita katika vitongoji vya kusini-mashariki, penye bustani ndogo za wakazi na karakana za zamani, kisha inaingia kwenye reli ya katikati ya mji, iliyofunguliwa mwaka 1882, ambayo sehemu kubwa yake imejengwa juu ya matao ya matofali. Kwa kuwa treni inakwenda usawa wa ghorofa za kwanza na za pili, abiria aliyekaa dirishani anauona mji vizuri kuliko aliye ndani ya basi: mto Spree, mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, na baadaye majengo ya makumbusho yaliyo kwenye kisiwa, ambayo reli inapita katikati yake.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba hakuna mageti. Unanunua tiketi kwenye mashine iliyo jukwaani, unaigonga muhuri katika kisanduku kidogo kinachoonyesha saa na mahali, kisha unapanda. Hakuna anayekusimamisha mlangoni. Wakaguzi huingia ndani ya behewa wakati wowote, mara nyingi wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi iliyopigwa muhuri hutozwa faini ya euro 60. Sisi tuliozoea kusukumana kwenye mageti ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, pale Kimara au Kivukoni, tunaweza kuona kuwa utaratibu huu ni wa hatari kwa mapato, lakini nilipoona wazee wenye mikongojo, akina mama wenye vigari vya watoto na watu wenye baiskeli wakipita moja kwa moja hadi jukwaani bila kizuizi chochote, niliamini kuwa ni utaratibu wenye heshima kwa abiria, na ningependa kuuona ukijaribiwa kwetu.

Nilishuka Friedrichstraße, kwa sababu hapo ndipo S-Bahn inapokutana na njia niliyoikusudia, yaani U6. Njia hii inaukata mji kutoka kusini hadi kaskazini, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1923. Mji ulipogawanywa kwa ukuta tarehe 13 Agosti 1961, ncha zake mbili zilibaki Berlin Magharibi, ilhali sehemu ya katikati ilipita chini ya Berlin Mashariki. Treni za Magharibi ziliendelea kupita humo, na serikali ya Magharibi iliilipa ya Mashariki kwa ajili ya kibali hicho, lakini hazikusimama. Stesheni za katikati zilifungwa, milango yake ya juu ikazibwa, na walinzi wenye silaha wakasimama kwenye mwanga hafifu wakitazama mabehewa yaliyojaa watu yakipita polepole mbele yao. Wenyeji waliziita stesheni za mizimu. Friedrichstraße peke yake ndiyo iliyobaki wazi, kwa kuwa ilikuwa kituo cha mpaka. Mmagharibi aliweza kubadilisha treni hapo bila kukaguliwa, ingawa alikuwa amesimama chini ya ardhi ya Mashariki, na hatua chache kutoka hapo kulikuwa na ukumbi ambamo jamaa waliagana kwa machozi. Ukumbi huo sasa ni makumbusho, na kuuingia ni bure. Stesheni zilizofungwa zilirudishiwa abiria mwaka 1990.

Ukipanda U6 kuelekea kaskazini, stesheni ya pili baada ya Friedrichstraße inaitwa Naturkundemuseum, nayo ilikuwa mojawapo ya stesheni hizo za mizimu. Mtanzania asiipite. Hatua chache kutoka kwenye ngazi zake iko Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, na katika ukumbi wake mkuu amesimama mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyounganishwa, yule ambaye amezungumzwa mara nyingi bungeni kwetu. Urefu wake kutoka sakafuni hadi kichwani ni zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na jumla ya mifupa na mawe yaliyosafirishwa kutoka huko inazidi tani 200. Shehena hiyo yote ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye Wajerumani wenyewe waliutegemea ujuzi wake. Nilisimama mbele ya mjusi huyo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikiwawazia wapagazi, ambao wengi wao walikuwa wametoka tu kwenye njaa na vita.

Hapa niseme jambo la manufaa kwa atakayefuata njia hii. Tiketi ya kawaida ya safari moja hudumu saa mbili na huruhusu kwenda upande mmoja tu. Huwezi kurudi ulikotoka kwa tiketi hiyohiyo. Anayetaka kushuka na kupanda anavyopenda ni afadhali anunue tiketi ya saa 24, ambayo haimbani.

Kutoka makumbusho U6 inaendelea kupitia Wedding, ambako inakutana na reli ya duara, kisha Leopoldplatz na Seestraße, mitaa ya wafanyakazi na wahamiaji, na mabehewa hujaa watu wanaozungumza Kituruki, Kiarabu na lugha za Afrika Magharibi. Stesheni mbili mbele ya Seestraße nilishuka, na kibao cha ukutani kilisema Afrikanische Straße.

Mtaa huo umezungukwa na mitaa mingine yenye majina tunayoyajua: Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Majina ya kwanza ya aina hii, Togostraße na Kameruner Straße, yalitolewa mwaka 1899, wakati Ujerumani ilipokuwa na makoloni. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kujenga karibu na hapo bustani ya kuonyesha wanyama na watu kutoka Afrika, na ni Vita Kuu ya Kwanza iliyoizuia nia hiyo. Mwaka 1939 utawala wa Hitler uliipa barabara mojawapo jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule wa mikataba ya Usagara, ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu.

Barabara hiyo ndiyo niliyoijia. Baada ya miaka mingi ya kudaiwa na wakazi wa Berlin wenye asili ya Afrika na wenzao Wajerumani, jina la Peters liliondolewa Agosti 2024. Sehemu moja sasa inamkumbuka Anna Mungunda, mwanamke Mherero wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na sehemu ya pili inaitwa Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya makazi, yenye miti na magari yaliyoegeshwa, isiyo na mnara wala duka la kumbukumbu. Nilisoma kibao chake mara kadhaa. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, yanafika watu laki tatu. Uchimbaji wa Tendaguru ulianza miaka miwili tu baada ya hapo, katika kusini ileile. Mjusi na kibao vimetenganishwa na mwendo mfupi wa treni, na sidhani kama ipo njia nyingine ya reli barani Ulaya inayomhusu Mtanzania kiasi hicho.

Sikutaka kurudi kwa njia ileile, kwa hiyo niliteremka Seestraße nikapanda tramu ya M13. Berlin Magharibi iliziondoa tramu zake zote mwaka 1967, Mashariki ikazitunza, na ndiyo maana hadi leo nyingi ziko upande wa mashariki. Njia ya kwanza ya kuzirudisha magharibi ilifunguliwa mwaka 1995, kupitia daraja la Bornholmer Straße, ambalo kizuizi chake kilikuwa cha kwanza kufunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. M13 inapita juu ya daraja hilohilo. Wanafunzi waliopanda pamoja nami walishuka kituo kinachofuata, upande wa pili wa mpaka wa zamani, wakibishana kuhusu mpira.