Ninavyosimamia seva za Ujerumani nikiwa Mwanza

Seva ninazozihudumia ziko Ujerumani, mimi niko Mwanza, na kinachotuunganisha ni bando la simu. Wateja wenyewe ni wa kawaida: duka la vipuri, shule, wakala wa mizigo. Kazi zote nazifanyia kwenye terminali, kwa maandishi matupu. Wapo wanaodhani ni mbwembwe. Mimi nahesabu bando: kurasa za picha za kuendeshea seva zinalila, maandishi ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) hayalitikisi.

Kilichonisumbua tangu mwanzo ni mtandao kukatika katikati ya kazi. Umeme ukienda, au mnara ukizidiwa jioni, kikao cha SSH kinaganda. Seva ikishajua kwamba upande wa pili hakuna mtu, inakifunga na kuziua programu zilizoanzishwa humo. Kama ulikuwa unasasisha mfumo au unahamisha hifadhidata, umeachiwa kazi nusunusu, na nusu ni mbaya kuliko kutoanza kabisa.

Kwa hiyo niliamua kwamba hakuna kazi itakayotegemea uhai wa mtandao wangu. Nikiingia kwenye seva, amri ya kwanza ni `tmux new -s kazi`, inayofungua kikao cha tmux, programu ya kutunza vikao. Ninachokianzisha humo kinaishi kwenye seva yenyewe. Mtandao ukikata, nanywa chai. Ukirudi, naandika `tmux attach -t kazi` na kuikuta kazi imesogea, pengine imekwisha. Kompyuta ikiishiwa chaji naingia kwa simu, kupitia Termux (programu ya terminali ya Android), kwenye kikao kilekile. Ukiniuliza chombo kimoja cha kujifunza kabla ya vingine vyote, ni hiki.

Cha pili ni Mosh, programu ya kuingilia seva iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2012. Inaingia kwa SSH kama kawaida, halafu inahamia kwenye UDP, njia ya kutuma data isiyohitaji muunganisho wa kudumu. Faida yake ni kwamba inavumilia kubadilika kwa anwani yako: nikitoka kwenye WiFi kwenda kwenye data, au nikibadilisha laini, kikao hakijui. Na herufi unazoandika inazionyesha papo hapo bila kusubiri jibu la seva, huku ikizipigia mstari zile ambazo hazijathibitishwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuyumba, SSH ya kawaida ilikuwa haishikiki. Kwa Mosh niliweza angalau kuangalia kama huduma za wateja ziko hai. Kasoro yake ni kwamba huwezi kurudi juu kusoma yaliyopita (hapo tmux inakuokoa), na lazima ufungue milango ya UDP kati ya 60000 na 61000 kwenye seva.

Kuhusu usalama sina maneno mengi. SSH yenyewe ilizaliwa 1995, Tatu Ylönen alipoiandika baada ya mtu kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland, na leo bado kuna wanaotumiana nenosiri la seva kwa WhatsApp. Mimi natengeneza ufunguo (faili za utambulisho zinazotumika badala ya nenosiri) kwa `ssh-keygen -t ed25519`, naupeleka kwa `ssh-copy-id`, kisha nazima kabisa kuingia kwa nenosiri. Mteja akilalamika, namwonyesha kumbukumbu za seva yake: roboti zinazojaribu jina la root (msimamizi mkuu wa mfumo) usiku kucha, kutoka nchi ambazo hajawahi kuuza hata boliti.

Hatari kubwa ya seva iliyo mbali ni kujifungia nje, maana huwezi kwenda kuichomeka kibodi. Nikigusa mipangilio ya SSH, kwanza naikagua kwa `sshd -t`, nawasha upya huduma, kisha nafungua dirisha la pili na kujaribu kuingia. La kwanza silifungi mpaka la pili lipite. Nikibadilisha sheria za ufw, yaani ukuta wa kinga wa seva, kwanza nategesha hivi: `echo "ufw disable" | at now + 10 minutes`. Nikijifungia, baada ya dakika kumi ukuta unazimika wenyewe na ninaingia tena. Mambo yakienda sawa, nalifuta agizo hilo kwa `atrm`.

Yote hayo yakishindikana, inabaki konsoli ya dharura inayotolewa na kampuni inayokukodisha seva. Inafunguka kwenye kivinjari na haipiti kwenye SSH wala kwenye mtandao wa seva yako. Ni sawa na kukaa mbele ya mashine na kibodi yake. Wengi hawaijaribu mpaka siku ya balaa, na siku hiyo ndipo wanagundua kwamba seva iliundwa kwa ufunguo tu, root hana nenosiri, na konsoli inadai nenosiri. Mimi naliweka siku ileile ninapoifungua seva, na najaribu kuingia nalo kabla sijamkabidhi mteja. Nalifanya refu, la herufi ndogo na namba tu, kwa sababu konsoli hizi mara nyingi huvuruga alama kama @ na #. Herufi y na z naziacha pia: kwenye mpangilio wa kibodi ya Kijerumani zimebadilishana nafasi, na nenosiri lenyewe halionekani unapoliandika.