Salmonella Typhi ikikataa kushikana na antisera ya O9

Koloni ni nyekundu kwenye agari ya XLD (chakula cha kuoteshea bakteria kinachoteua baadhi yao), ina kidoa cheusi katikati, na vipimo vya kemia vinaelekeza kwa Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo. Unaichanganya na tone la antisera ya O9 (majimaji yenye kingamwili zinazoshika O9, alama iliyo kwenye ukuta wa bakteria), unatikisa slaidi, lakini hakuna punje za bakteria walioshikana. Tafadhali usiandike "hasi" bado.

Typhi, hasa iliyotoka kwenye damu, mara nyingi hujivika Vi, koti la sukari linalozuia kingamwili zisiifikie O9 iliyo chini yake. Jaribu antisera ya Vi. Ikishika, koroga koloni kadhaa kwenye mililita 1 ya salini hadi iwe nzito, legeza kifuniko, tia kwenye maji yanayotokota kwa dakika 15, pooza, kisha rudia vipimo vya O9 na Vi. Sasa O9 inapaswa kushika na Vi kuachia. Kisumu iko juu ya bahari kwa mita 1,100 na ushei, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Nakuru, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya nyuzi hizo. Anza kuhesabu dakika maji yakishatokota, na usizipunguze.

Usisimame kwenye Vi peke yake, maana baadhi ya Citrobacter freundii, bakteria wengine wasio Salmonella, nao wanayo. Wala O9 haitoshi: Salmonella Enteritidis, ambayo huku magharibi mwa Kenya hupatikana kwenye damu ya watoto wadogo, ina O9 ileile. Kinachowatenganisha ni H, alama iliyo kwenye mikia ya bakteria: Typhi ina H ya aina d, Enteritidis ya g,m. Hapo tumia bakteria ambao hawajachemshwa, kwani moto huharibu H.

Kabla ya hayo yote, pima kwa salini (maji ya chumvi). Chora miduara miwili kwenye slaidi: mmoja salini ya asilimia 0.85 tupu, wa pili antisera. Koloni ikikatika kama maziwa kwenye salini tupu, inajishika yenyewe, na hakuna antisera itakayokupa jibu la kuaminika. Chukua koloni kutoka agari ya kawaida ya saa 18 hadi 24. Zile za agari teule, kama XLD, hudanganya. Soma ndani ya dakika moja, kwenye mwanga, juu ya kitu cheusi. Punje zinazotokea slaidi ikianza kukauka si jibu.

Chupa za antisera zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Stima ikipotea usiku kucha, zipime asubuhi kwa bakteria wanaojulikana, mmoja chanya na mmoja hasi, kabla sampuli ya mgonjwa haijaguswa. Antisera iliyokuwa safi ikawa na ukungu, itupe.