Nauli imeshinda dawa

Leo nimempeleka mamangu kliniki ya presha, kutoka Likoni hadi kisiwani Mombasa. Miadi saa mbili asubuhi, sisi tumetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu.

Feri haitozi mwenda kwa miguu, hilo nashukuru. Lakini bure yenyewe ina miguu yake! Mama goti limevimba, na ule mteremko wa kuingilia unauteremka huku umati unakusukuma mgongoni. Nimemshika mkono, buibui lishakanyagwa mara mbili. Kijana mmoja wa mkokoteni akatuona. "Mama, kaa hapa juu." Basi mamangu kavuka bahari amekalia gunia la nazi, mkoba wa dawa mapajani, anacheka kama bi harusi.

Ng'ambo, mlima tena. Matatu hazikutaka kungoja mtu anayepanda polepole, tukachukua tuktuk.

Nimepiga hesabu. Tuktuk nyumbani hadi feri 150, feri hadi hospitali 200, kurudi vilevile. Jumla 700. Dawa zenyewe? Shilingi 300. Mwenye gari lake siku hizi huzungukia barabara ya Dongo Kundu, akiona foleni ya feri ni ndefu. (Sisi gari letu ni la magunia.)

Tumefika saa tatu kasoro, nambari yetu 64.

Jioni namkuta anahesabu tembe mezani. "Mwanangu, nikimeza moja badala ya mbili, si zitafika miezi miwili? Tusivuke mwezi ujao."